Yowe Lililonipita

Katika kitongoji chetu, nyuma kidogo ya Mwitongo, mgeni akiniulizia hawamwambii nyumba ya mzee aliyefanya kazi kiwandani Musoma. Wanamwambia, "Ni kwa yule mwenye redio isiyoshika stesheni." Siwalaumu. Nilipoileta, nusu ya kitongoji ilikuja kuiona, na kila aliyeingia aliuliza stesheni zinatafutwa wapi. Nikawaambia haishiki stesheni. Haina pa kuchomeka flashi, haina bluutuufu, haipokei nyimbo kutoka kwenye simu ya mtu. Ni mashine nyeusi, bapa, ambayo mbele ina trei nyembamba. Trei inatoka, unaweka CD, inarudi ndani, unakaa kitini unasikiliza. Basi.

Kijana mmoja wa bodaboda aliizunguka, akachungulia nyuma kwenye nyaya, akanitazama kwa huruma. "Mzee, hela yote hii na haishiki hata redio? Si ungechukua sabufa tu?"

Nilimjibu vibaya. Mimi sina ugomvi na sabufa, lakini sabufa inapiga mtu tumboni, na mimi nilikuwa natafuta kitu cha masikioni. Miaka yangu ya kazi niliimaliza katika chumba cha majokofu, kwenye kiwanda cha minofu ya sangara pale Musoma, na mitambo ya chumba kile ilikuwa ikinguruma usiku na mchana. Tulikuwa tukiongea kwa ishara kama mabubu. Nyumbani nilifika masikio yakivuma, nikaomba chumvi kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mke wangu alikuwa akiniuliza, "Sasa unanifokea nini?" Kiwanda kilipopunguza watu nikapewa kiinua mgongo changu, nilijua ninachokitaka. Nilitaka kusikia kitu kidogo, tena vizuri. Wenzangu walinunua pikipiki na ng'ombe. Mimi nikaagiza mashine ya CD, amplifaya yake na spika mbili za mbao.

Mzigo ulitoka Dar kwa basi, nikaufuata Bunda kwa sababu siku hiyo hiyo nilikuwa na shughuli ya CD zenyewe. Kule Kabasa kulikuwa na mzee mwenzangu aliyewahi kuwa na duka la nyimbo, ambalo sasa lilikuwa duka la daftari na vocha. CD zilikuwa zimejaa kwenye maboksi chini ya kaunta, halisi, za kiwandani, nyingine hazijafunguliwa.

"Chukua zote," aliniambia. "Nyingine nilishazifunga shambani kwenye mtama. Zinafukuzaga ndege vizuri kweli, zikipigwa na jua."

Niliumia kusikia hivyo. Nikabeba boksi zima: kwaya, dansi la zamani, rumba, taarabu, na CD moja ya litungu, ile ala yetu ya nyuzi nane, ikipigwa na mzee ambaye kwenye kasha hawakuandika hata anatoka kijiji gani. Nilirudi nyumbani nimepakata mashine kama mtoto aliyetoka kuchanjwa.

Siku ya kwanza nilianza na litungu. Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, kwenye ngoma, kwenye redio, lakini sikuwahi kusikia ukucha ukigusa uzi kabla uzi haujalia. Nilisikia mpigaji akivuta pumzi kabla ya kuimba. Mahali fulani kigoda chake kililia, akasogea, akaendelea. Nilitokwa na machozi peke yangu sebuleni, na sikuona aibu.

Kuwa peke yangu hakukuwa kwa kupanga. Binti yetu wa Mwanza alijifungua mapacha, mama yake akaenda kumsaidia mpaka watoto wakae. Watoto walikaa, wakatambaa, wakatembea, na bibi yao hakurudi. Hatukugombana. Alipapenda Mwanza, na wale watoto walimshika kweli kweli. Akawa ananipigia kila Jumapili. Mara ya kwanza niliiweka simu mbele ya spika ili na yeye asikie ukucha kwenye uzi.

"Nasikia makelele tu," alisema. "Umekula?" Halafu, kama alivyomalizia kila Jumapili, "Haya, nisalimie majirani."

Kati ya majirani, aliyeielewa ile mashine alikuwa mmoja tu, baba wa nyumba ya upande wa mashariki. Siku ya kuishangaa ilipopita wengine walirudi kwenye shughuli zao, lakini yeye alikuja karibu kila alasiri baada ya kufunga ndama. Alivua kofia, akaiweka gotini, akasikiliza bila kusema kitu mpaka CD iishe. Kisha alisema, "Huyo mzee anajua," akavaa kofia, akaenda zake. Sijawahi kuwa na rafiki wa maneno machache namna ile aliyenitosha namna ile. Mvua za masika zilipokwisha aliugua tumbo, akapelekwa Musoma, akarudishwa kwenye sanduku.

Tulimzika. Kwetu jirani akiwa na msiba hupigi muziki mpaka tanga liondolewe, na wala huhitaji kukumbushwa. Niliifunika mashine kwa kanga ya mke wangu. Lakini alasiri zilinishinda. Ulikuwa wakati wake wa kuja, na kiti chake kilikuwa pale pale. Nikakumbuka kwamba kwenye boksi la amplifaya mlikuwa na hedifoni, zile kubwa za kufunika sikio zima. Nikasema hapa nimepata: nitasikiliza, na mjane wa watu hatasikia hata mlio mmoja. Nilijiona mtu mwenye adabu sana. Nilifunga geti, nikavuta mapazia maana ulikuwa wakati wa kiangazi na vumbi ni adui wa trei ile, nikavaa hedifoni zangu, nikakaa.

Sasa lazima nieleze yowe, kwa msomaji asiye wa huku. Kwetu yowe likipigwa mtu haulizi ni la nani. Unaacha kijiko kwenye uji, unashika ulichonacho, panga, fimbo, ndoo, unatoka mbio kule linakotokea, na wewe mwenyewe unalipiga ili wa mbele yako wasikie. Mtu mliyenyimana salamu mwaka mzima unamkuta hapo na unashika naye upande wa pili wa mzigo. Asiyefika ataulizwa alikuwa wapi, na majibu yanayokubalika ni machache: nilikuwa safarini, nilikuwa mgonjwa kitandani. Jibu la tatu huwa linatolewa na watu wengine kwa niaba yako.

Alasiri moja CD ilifika mwisho, nikavua hedifoni, nikasikia harufu ya moshi. Nikadhani mtu anachoma shamba. Niliposogeza pazia niliona jiko la jirani yangu mjane, lile la nyasi, halipo. Na ghala lililokuwa pembeni ya jiko halikuwepo pia, zilibaki nguzo nyeusi zinafuka. Uwanja ulikuwa umejaa watu wa kitongoji kizima, wamelowa, wana masizi usoni, wameketi chini kwa kuchoka. Walikuwa wamebeba maji kutoka mtoni. Mtoni ni mbali. Tangi langu la maji, lile simtanki kubwa, lilikuwa limejaa mpaka juu, hatua chache kutoka pale moto ulipoanzia, ndani ya geti lililofungwa.

Nilitoka. Hakuna aliyenitukana, na ningependa wangenitukana. Walinitazama tu, wa kwanza akageuza uso, wa pili akageuza. Mjane alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimpa pole.

"Tuligonga geti, tata," alisema. Tata ni baba, ndivyo tunavyowaita wazee tunaowaheshimu. "Tuligonga sana."

Wiki iliyofuata nikaitwa kwenye ritongo, mkutano wetu wa wote. Nilikwenda nimenyoosha shati na nimebeba hedifoni kwenye mfuko wa plastiki, kama ushahidi. Mwenyekiti wa kitongoji ni mtu mdogo kwangu, mwenye mashine ya kusaga, na siku zote tulikuwa tukitaniana vizuri.

"Mzee wa Musoma," alisema, "yowe lilipopigwa ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

Watu waliguna. Nikasema subirini nieleze. Nikaeleza kwamba nilikuwa naheshimu msiba, kwamba kifaa hiki kinaziba masikio, kwamba ukikivaa husikii hata radi. Mwenyekiti akasema tukione. Nikatoa hedifoni, nikamvisha kichwani kwa mikono yangu mwenyewe, nikamwuliza kama ananisikia.

"Mbona nakusikia tu?" alisema.

Hazikuwa zimechomekwa popote, bila shaka. Bila muziki ndani zile ni kofia ya joto. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote pale, na sikulifikiria mpaka kicheko kilipoanza. Walicheka hadi akina mama wakajifuta macho kwa vitenge. Nikatamani ardhi inimeze. Nilianza kueleza habari za waya na amplifaya, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo.

Wangenisamehe kirahisi, nalijua hilo sasa. Mwenyekiti alitamka faini ya kawaida: mbuzi mmoja, achinjwe, wale waliozima moto, na mimi nimwombe radhi mama yule mbele yao. Ni faini ya kutaniana zaidi kuliko ya kuumiza. Lakini bwana mmoja nyuma alisema, "Aliziba masikio makusudi, asisumbuliwe na sisi," na ubishi wangu ukanipanda.

"Masikio ni ya kwangu," nikasema. "Nayaziba nikitaka."

"Ungekuwa unaishigi porini, sawa," mwenyekiti alinijibu taratibu, na kicheko kilikuwa kimeisha. "Hapa masikio yako siyo ya kwako peke yako."

Nilichukua hedifoni zangu kutoka kichwani kwake, nikaondoka. Mtu haondoki kwenye ritongo kabla halijavunjwa. Kabla sijafika kwangu walikuwa wameshanitenga: nisisalimiwe, nisisemeshwe, mtu asikanyage uwanja wangu, nisiuziwe wala nisinunuliwe kitu, mpaka siku nitakayorudi mwenyewe na mbuzi.

Nilijiambia, vizuri sana. Nina mashine yangu, nina boksi zima la CD, watu wa kuja kuuliza stesheni sasa wamepungua. Kwa siku chache hata nilijisikia mshindi. Tanga lilikuwa limeshaondolewa, nikazitoa zile hedifoni kabatini na kuzirudisha mara kadhaa, mwishowe nikaziacha humo. Nikawasha spika.

Kutengwa hakuumi siku ya kwanza. Kunakuja kidogo kidogo, kama kiatu kinachobana. Unapita njiani, watu wanazungumza, wananyamaza mpaka upite, kisha nyuma yako mazungumzo yanaendelea. Dukani mwenye duka anaanza kupanga viberiti ambavyo vimeshapangwa. Nilikuwa nikipanda gari mpaka Bunda kununua sukari na mafuta ya taa, nikawa nachelewa kurudi kwa makusudi, kwa sababu Bunda hawakunijua na mwuza nyanya aliniita mjomba.

Kanisani ndipo palipokuwa pabaya. Padri anaposema tutakiane amani, kila mtu anamgeukia mwenzake na kumpa mkono. Mimi nilinyoosha wangu. Aliyekuwa kulia aligeukia mbele, aliyekuwa kushoto akageukia nguzo. Nasema kweli, aligeukia nguzo na akaitazama kwa upole mpaka wimbo ukaanza. Jumapili zilizofuata nilikaa benchi la nyuma kabisa, peke yangu, nikaweka mikono mfukoni mapema.

Walipokuwa wakimjengea mjane jiko jipya, vijana walipita na matita ya nyasi mbele ya geti langu, wakihesabiana nani ameleta nini. Sikuitwa. Asubuhi moja nilibeba gunia la mahindi, nikalisimamisha kwenye ua unaotutenganisha, upande wake, likitazama mlango wake. Lilikaa pale jua likalipiga. Jioni mbuzi walilitoboa. Nilisimama dirishani nikawatazama mbuzi wakila, na hakuna mtu aliyekuja kuwafukuza, wala mimi mwenyewe sikwenda.

Kwenye simu mke wangu alisema, "Nisalimie majirani." Nikasema, "Nitawasalimia." Sikuweza kumwambia. Angepanda gari kesho yake, angenunua huyo mbuzi njiani, na mambo yangeisha, na mimi ningekuwa mzee aliyetolewa shimoni na mkewe. Mara mbili nilikwenda mnadani kutafuta mbuzi. Mara mbili nilikumbuka kile kicheko, nikarudi na kitunguu.

Nilibaki na muziki, na muziki nao ukaanza kunigeuka. Mashine ile ilikuwa inafanya kazi yake vile vile. Ukucha uliugusa uzi, mzee alivuta pumzi, kigoda kililia. Lakini nilipomaliza kusikia sikuwa na wa kusema naye hata yale maneno matatu, kwamba huyo mzee anajua. Niligundua kwamba kusikia kitu kizuri peke yako, kila siku, bila mtu wa kumtazama usoni kikiisha, kunachosha kuliko kelele za majokofu. Kule kiwandani hatukusikiana, lakini tulikuwa tumesimama pamoja.

Basi nikaanza kuongeza sauti. Kila alasiri nilifungua madirisha yote, nikazigeuza spika zitazame nje, nikapandisha. Kwanza kwa kiasi, halafu nikaacha kiasi. Nilipiga kwaya mpaka vioo vikatetemeka. Nilipiga rumba wakati watu wanasali rozari nyumba ya jirani. Nilikuwa nataka mtu mmoja tu, hata mmoja, aje getini anigombeze. Aseme, "Wewe mzee, punguza hiyo takataka yako!" Ningemfungulia mlango, ningempa kiti. Niliyapanga hata majibu yangu. Hakuja mtu. Waliniachia nipige, alasiri baada ya alasiri, na giza likiingia nilizima, nikafunga madirisha, nikapika ugali wa mtu mmoja.

Mvua za vuli zilipoanza nikashikwa na homa. Ilianza jioni kwa baridi ya mgongoni, usiku ikanirusha rusha, na kulipokucha sikuweza kusimama. Nilijua ni malaria, naijua kama ndugu. Dawa sikuwa nazo. Simu ilikuwa imezima na chaja iko sebuleni, ambako kwangu siku hiyo kulikuwa mbali kama Tarime. Nilikunywa maji yaliyokuwa kwenye jagi, yakaisha. Nililala, nikaamka, dirisha likawa jeusi, likawa jeupe. Wakati fulani niliona aibu kufikiri kwamba nikifa hapa watakaojua wa kwanza ni mbuzi. Nilitaka mtu aniite jina. Nilitaka hivyo kuliko maji.

Siku iliyofuata, jua likiwa limeshapanda, nililisikia yowe.

Lilikuwa sauti ya mwanamke, karibu sana, upande wa mashariki. Likapokelewa kule kwenye mashine ya kusaga, likapokelewa mbele zaidi, likazunguka kitongoji. Nikasikia miguu ikikimbia. Kichwa changu chenye homa kilielewa jambo moja tu: ni kwa mjane tena, linamwungulia jiko jipya, na safari hii nimesikia. Nilitelemka kitandani nikaanguka, nikainuka kwa kushika kabati. Nikavaa viatu, kimoja cha kwangu na kimoja cha mke wangu. Nikapita ukutani kwa mikono mpaka nje, nikafungua bomba la tangi, nikajaza ndoo nusu, maana nzima nisingeiweza. Nilijaribu kulipokea yowe kama inavyotakiwa. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya kikohozi, lakini niliitoa. Nikaburuza ndoo mpaka getini, maji yakimwagika miguuni, nikavuta komeo, nikalifungua.

Walikuwa wote pale. Mwenyekiti na unga wa mashine yake nywelini, yule bwana aliyesema niliziba makusudi ana panga, kijana wa bodaboda, akina mama na ndoo, wamesimama nje ya geti langu, wamejipanga kwenye mstari ambao hawakuruhusiwa kuuvuka. Nyuma yao sikuona moto. Jiko la mjane lilikuwa zima, nyasi zake bado za manjano.

"Ni wapi?" niliuliza. "Ni kwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Hawakuwa na ruhusa ya kunisemesha. Walitazamana, wakaitazama ndoo yangu, wakavitazama viatu vyangu. Nikauliza tena, nikaona nitalia, maana hata kwenye yowe walikuwa wananinyima neno.

Mjane alikuwa mbele ya wote. Kanga yake ilikuwa imefungwa vibaya, kama ya mtu aliyetoka mbio, na bado alikuwa anahema. Alimtazama mwenyekiti, kisha akaacha kumtazama. Akavuka mstari, akaishika ndoo kwa mpini, akanibandua vidole kimoja kimoja, akaiweka chini.

"Tangu juzi hujapiga muziki," alisema. "Ni kwako, tata. Yowe ni la kwako."